Unaenda kituo cha meditesheni cha Wabuddha kwa mara ya kwanza? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya maswali nimeyakusanya kwa watu wangu wa karibu, ndugu, wenzangu kazini, wanakwaya, na majirani wawili watatu ambao wakisikia nimetoka kukaa kimya kwa Wabuddha wanaanza kuuliza na hawaishi. Mi sio mtawa wala mwalimu. Ni mtu wa kawaida wa Dar, nimekuwa naenda kile kituo cha Upanga kwa miaka kadhaa, na mara mbili nimesafiri mpaka Uganda kwenye kituo cha kule Entebbe kukaa siku kadhaa. Vyote viwili ni vya Theravada, yaani ule Ubuddha wa zamani unaofuatwa Sri Lanka, Burma (leo Myanmar) na Thailand, kwa hiyo nikisema "kituoni" nazungumzia huko. Ukienda kwa Wazen, tawi la Ubuddha la kule Japani, au kwa wale wa Tibet utakuta baadhi ya mambo ni tofauti, mfano Wazen wengine wanakaa wameangalia ukuta, sasa usishangae.

Hivi Dar kweli kuna Wabuddha? Toka lini?

Wapo, na toka zamani sana kuliko watu wanavyodhani. Kituo cha Upanga kilianzishwa na Wasinhala, watu wa Sri Lanka ambayo enzi hizo ilikuwa inaitwa Ceylon, waliletwa na kazi huku enzi za ukoloni, sasa unajua mtu akienda mbali na kwao kitu cha kwanza anatafuta pa kusalia. Wakapanda na mti wa bodhi. Huo mti naomba nikae nao kidogo maana wengi wanapita pembeni yake wakidhani ni mti wa kivuli tu. Buddha, ambaye jina lake la kuzaliwa ni Siddhartha Gautama, aliketi chini ya mti wa aina hiyo pale Bodh Gaya, India, kama miaka 2500 iliyopita, na hapo ndipo alipoamka, maana neno Buddha lenyewe ni aliyeamka. Alafu karne ya 3 kabla ya Kristo binti wa mfalme Ashoka, Sanghamitta, akachukua tawi la mti ule akavuka nalo bahari mpaka Sri Lanka, likapandwa Anuradhapura na mpaka leo lipo hai, na miche yake ndio imesambaa kwenye mahekalu mengi duniani. Ni ukoo mmoja na mikuyu yetu, ila jani lake ni kama moyo na lina ncha ndefu kama mkia. Ukifika simama chini yake dakika 2 kabla hujaingia ndani, mi huwa nafanya hivyo kila mara.

Uganda ni habari nyingine. Kile kituo kimeanzishwa 2005 na Mganda mwenyewe, Bhante Buddharakkhita, alikutana na Ubuddha akiwa mwanafunzi India mwaka 1990, akawekwa kuwa mtawa 2002 huko Marekani, alafu akarudi nyumbani kuanzisha. Hili lilinigusa kwa sababu kabla ya hapo kichwani kwangu mtawa wa Kibuddha alikuwa lazima awe Mhindi au Mchina. Nairobi pia lipo hekalu, na Afrika Kusini kuna kituo cha mapumziko ya kimya pale Ixopo toka 1980.

Lazima niwe Mbuddha? Wataniuliza dini yangu?

Hapana na hapana. Mi ni Mlutheri, naimba sauti ya pili, na siku ya kwanza nilikuwa nimejiandaa kabisa na maelezo ya kujitetea lakini hakuna aliyeniuliza. Nimekaa na Waislamu, Wahindu, na watu wasio na dini yoyote. Hamna fomu ya kubadili dini, hamna mtu atakayekufuata nyumbani.

Kuna neno la Kipali, hiyo ndio lugha ya maandiko yao, ehipassiko, maana yake njoo uone. Na kuna mafundisho Buddha aliwapa watu walioitwa Wakalama, wa mji wa Kesaputta, walimlalamikia kwamba kila siku wanapita walimu, kila mmoja anasifia ya kwake na kuponda ya wengine, wamuamini nani? Akawajibu msikubali kitu kwa sababu tu ni mila, au kimeandikwa, au mwalimu wenu anaheshimika, jaribuni wenyewe muone kama kinaleta madhara au kinaleta heri. Kwa hiyo ukienda hutaombwa kuamini, utaombwa kukaa chini na kujaribu.

Lakini sitaki nikufiche kitu. Ubuddha hauzungumzii Mungu muumba kama sisi tulivyozoea, na kuna mafundisho kama kuzaliwa upya ambayo hayalingani na ya kanisani wala msikitini. Ukiona linakusumbua, kaongee na mchungaji wako au shehe wako, wazi kabisa. Shangazi yangu alipouliza "mwanangu, umeacha kanisa?" nilikaa nae jioni nzima nikamweleza ninachofanya kule hatua kwa hatua, hakufurahi sana ila alielewa, na mpaka leo hatujafichana. Usimdanganye mtu nyumbani kwamba umeenda gym, kusema kweli ni moja ya vitu vya kwanza kabisa wanavyofundisha hawa watu.

Mbona wanasujudia sanamu? Si ndio kuabudu sanamu kwenyewe?

Hili ndio swali naloulizwa kuliko yote na nalielewa maana mi mwenyewe liliniganda mlangoni. Wenyewe wanavyoeleza ni hivi, Buddha alikuwa binadamu, alizaliwa Lumbini ambayo leo ipo Nepal, alikufa akiwa na miaka 80, hajibu maombi na hagawi baraka. Wanainama kumshukuru kama mwalimu na kujikumbusha kwamba binadamu anaweza kutulia namna ile. Ukiniuliza mi, naona wapo wanaoinama na kuomba kabisa kama watu wa dini zote wanavyoomba wakibanwa, siwezi kukwambia mioyo yao ina nini. Ninachojua ni kwamba mgeni halazimishwi. Wao wanainama mara 3, we kaa tu kimya na heshima kama unavyokaa kwenye msiba wa watu wa dini nyingine, inatosha.

Na yule mnene mwenye kitambi anayecheka, wanayeuza madukani, sio Buddha. Anaitwa Budai, alikuwa mtawa wa China, alikuja karne nyingi baadae.

Nimesikia ukinyamazisha akili majini yanaingia. Ni kweli?

Nilipewa onyo hili na watu wanaonipenda kwa hiyo sitalidharau. Ila meditesheni ya hawa, wengine kwa Kiswahili wanaita taamuli, sio kuifanya akili iwe tupu, hapo ndipo watu wanapokosea. Ni kinyume chake, unakuwa macho kuliko kawaida, unajua unavuta pumzi, unajua unatoa pumzi, unajua goti linauma, unajua umekasirika. Hakuna anayekuingiza usingizini, huvuti kitu, hunywi kitu, na muda wowote ukitaka kufumbua macho na kutoka nje unatoka. Zile udi na maua ni sadaka mbele ya sanamu, harufu kama ya udi tunaochoma nyumbani. Freemason nao hawahusiki kabisa.

Nivae nini?

Nguo pana na ya heshima, mabega na magoti yafunikwe. Suruali ya kubana ni adhabu yako mwenyewe, ukikaa chini nusu saa utajuta. Wadada beba kanga au mtandio wa kujifunika mapajani. Hijabu haina shida. Siku za mwezi mpevu, Wasri Lanka wanaziita Poya, utaona wengi wamevaa nyeupe, ukiwa nayo vaa, huna basi.

Kuna adabu gani za mle ndani?

Viatu unaacha nje kama msikitini. Ukikaa usinyooshe miguu kuelekea sanamu au kuelekea mtawa, kunja pembeni. Mi siku ya kwanza nilichoka nikanyoosha miguu yote miwili mbele, mama mmoja wa Kisri Lanka akanigusa bega taratibu akanisogezea mto wa pili na kunionyesha namna ya kukunja miguu upande mmoja, bila kunena neno, na ile huruma yake ndio ilinifanya nirudi wiki iliyofuata. Usikae juu kuliko mtawa kama yeye amekaa chini. Usipite mbele ya mtu aliyefumba macho, zunguka nyuma. Simu zima kabisa, kutetemesha bado inasikika, ukumbi ukitulia hata saa ya ukutani inasikika.

Picha omba kwanza. Na tafadhali usipige selfi ukiwa umeipa sanamu mgongo, kwao ni dharau kubwa, mwaka 2014 Sri Lanka ilimrudisha kwao mtalii wa Kiingereza kwa sababu tu ana tatuu ya Buddha mkononi, kwa hiyo ujue jambo lina uzito gani.

Mtawa namsalimiaje? Shikamoo inafaa?

Unamwita Bhante, linatumika kama "mheshimiwa" au "baba" kwa padri. Unakutanisha viganja kifuani unainamisha kichwa kidogo. Shikamoo haijawahi kuharibu kitu, nilishampa mtawa mmoja mzee, akatabasamu, alafu nikamweleza maana yake akaipenda. Usimpe mkono, hasa kama we ni mwanamke, maana kanuni zao za utawa hazimruhusu kugusana na mwanamke. Sio dharau. Ukitaka kumpa kitu, kwa watawa wengine mwanamke anakiweka mezani au kwenye kitambaa alichotandika mtawa, mwanaume anampa kwa mikono miwili. Usijisikie vibaya, mama yake mzazi nae anafuata utaratibu huohuo.

Shilingi ngapi?

Bure. Mafundisho hayauzwi, hiyo ni kanuni ya zamani sana. Wanaishi kwa dana, yaani kutoa kwa hiari, na kuna sanduku, ukiwa na kitu weka ukikosa usiweke, hakuna anayeangalia. Watawa wenyewe kwa kanuni hawapokei hela mkononi, kwa hiyo usimkunjie noti kama tunavyofanya kwa wazee wetu. Mi napenda kupeleka vitu, mchele, sukari, sabuni, dawa ya mswaki, vinatumika kweli. Ukienda kulala siku kadhaa kama kule Entebbe uliza mapema utaratibu wa chakula na malazi, maana umeme na maji vina bili kama kwako.

Kwani mnafanya nini hasa muda wote huo?

Siku ya kawaida ya wageni inaenda hivi. Mnakusanyika, mtawa anaongoza maneno machache ya Kipali, alafu anaeleza namna ya kukaa na kuangalia pumzi, mnakaa kimya, mara nyingi nusu saa hivi kwa wapya, kisha mnaweza kutembea kwa meditesheni, mnakaa tena, mwisho kuna mazungumzo na maswali. Lugha ni Kiingereza kwa sehemu kubwa, nilikokwenda mi, kwa hiyo kama hakipandi nenda na mtu wa kukunong'onezea kabla na baada.

Kukaa kwenyewe: mgongo wima bila kukaza, mikono mapajani, macho umefumba. Unaweka akili sehemu moja ambapo pumzi inasikika wazi, wengine puani pale hewa inapogusa, wengine tumboni linavyopanda na kushuka, hii ya tumbo imesambazwa sana na Mahasi Sayadaw, mwalimu wa Burma. Chagua moja usihame hame. Huilazimishi pumzi iwe ndefu, unaiacha ijiendee. Wapya wanaruhusiwa kuhesabu, moja, mbili, mpaka kumi, unarudi moja. Ukijikuta umefika kumi na saba ujue ulishaondoka zamani, rudi moja, basi, usijitukane.

Kutembea ndio mi nilikupenda kwanza. Unachagua njia fupi kama hatua 20, unaenda unarudi pole pole mno, unajua mguu unanyanyuka, unasogea, unakanyaga. Nilipokuwa Entebbe asubuhi moja nilitembea hivyo peku kwenye majani yenye umande, ndege wanalia, na nikagundua kwamba kwa miaka yangu yote sijawahi kuisikia nyayo yangu ikikanyaga chini. Najua ukisoma inaonekana kitu kidogo.

Mwisho wa kikao kuna metta, kutakia heri. Unaanza na nafsi yako, niwe salama, niwe na amani, alafu unampendaye, alafu mtu usiyemjua vizuri, kama konda wa daladala uliyopanda asubuhi, alafu yule mliyekosana nae. Huyo wa mwisho ni kazi. Nilianza na mtu mmoja wa kazini na ilichukua miezi kabla hata sijaweza kulitaja jina lake kichwani bila taya kukaza.

Nikikaa mawazo hayaishi, nadhani mi siwezi.

Basi unaweza, maana umeshaona mawazo hayaishi. Wengi wanaishi miaka 50 hawajawahi kuliona hilo. Buddha mwenyewe alifananisha akili na tumbili porini, anaachia tawi hili anashika lile. Kodi, ada, ulichojibiwa na bosi, ugali uliouacha jikoni, wimbo wa tangazo, vyote vitakuja, na kazi yako sio kuvifukuza, ni kugundua "nimeondoka" na kurudi kwenye pumzi. Kule kurudi ndio mazoezi yenyewe. Mtu akirudi mara 100 ndani ya nusu saa amefanya mazoezi mara 100, mwalimu mmoja alituambia hivyo na ilinitoa mzigo mkubwa maana nilikuwa natoka pale kila wiki najiona nimefeli.

Na kelele zitakuwepo. Bajaji, honi, adhana, jenereta la jirani umeme ukikatika. Usisubiri kimya cha msituni. Ukisikia, jua tu unasikia, alafu rudi.

Siwezi kukunja miguu, nina goti bovu. Na ganzi je?

Omba kiti, vipo, na hakuna mtu atakuona dhaifu, wazee wengi wanakaa kwenye viti, ila usiegemee sana. Ukikaa chini weka mito ya kutosha kiuno kiwe juu kuliko magoti, hiyo pekee inamaliza nusu ya shida. Ganzi itakuja. Wanafundisha kwanza uiangalie, inawaka, inachoma, inahama, alafu ikizidi sogeza mguu taratibu ukijua unasogeza. Lakini maumivu makali ya ndani ya goti sio ya kuvumilia, hayo ni jeraha linaongea, badilisha mkao hapo hapo.

Mbu jamani?

Swali la maana kwa mji wetu. Kutoua ni ahadi ya kwanza kati ya tano wanazoshika, nyingine ni kutochukua usichopewa, kutofanya uchafu wa zinaa, kutosema uongo na kutotumia vilevi. Na kutoua kunamhusu mpaka mbu. Kwa hiyo paka dawa ya kufukuza mbu kabla hujaingia, vaa mikono mirefu na soksi. Malaria sio jambo la kujaribia imani, hata watawa wanalala kwenye neti. Akitua mpulize au mpunge. Mi nilishawahi kumwacha mmoja anyonye mpaka akashiba nikiangalia hamu ya kumpiga kofi inavyopanda alafu inashuka yenyewe, na nilijifunza kitu kuhusu hasira zangu za barabarani, ila sikushauri uanze na hilo.

Naruhusiwa kusinzia?

Hutaadhibiwa, watu wanachoka, wiki nzima unaamka saa 10 kuwahi foleni, ukikaa kimya mwili unataka chake. Fumbua macho kidogo, nyoosha mgongo, ikizidi simama. Usije umeshiba wali.

Wanapoimba Kipali na mimi niimbe?

Ukipenda. Mstari utakaosikia sana ni Buddham saranam gacchami, maana yake namwendea Buddha kama kimbilio, sasa kama dhamiri yako inakataa kusema hivyo kaa kimya, mi huwa nakaa kimya kwenye huo na nasema zile ahadi tano kwa moyo wote kwa sababu hakuna hata moja ambayo Biblia inaipinga. Wakimaliza jambo jema wanasema sadhu mara 3, ni kama sisi tunavyosema vyema, au amina.

Wanakula nyama? Nibebe nini?

Watawa wa Theravada wanakula wanachopewa, nyama inaruhusiwa kama hawajaona, hawajasikia na hawashuku kwamba mnyama kachinjwa kwa ajili yao. Wapo wasiokula kabisa. Kikubwa ni muda, hawali tena chakula baada ya saa 6 mchana mpaka kesho yake alfajiri, kwa hiyo ukipeleka chakula wahi asubuhi. Pombe usilete wala usije umekunywa.

Nimefiwa juzi, naweza kuja? Nikilia je?

Njoo. Mi nilikuja baada ya mama kufariki, msiba umeisha, watu wamerudi makwao, turubai limekunjwa, nikabaki na nyumba na usingizi hauji. Miezi ya kwanza kila nikifumba macho nilikuwa naona kitanda cha hospitali. Nililia pale ukumbini zaidi ya mara moja na hakuna aliyenigeukia kunishangaa wala kuniambia nyamaza, walikaa tu na mimi kimya, na kwa kweli sikuwa najua kama ninahitaji hivyo, maana kwenye msiba wetu watu ni wengi na maneno ni mengi, jikaze, ni mapenzi ya Mungu, na yote yanatoka kwenye upendo.

Siku moja mtawa alisimulia habari ya Kisa Gotami, mama aliyefiwa na mtoto wake wa pekee akawa anazunguka na maiti anatafuta dawa. Buddha hakumhubiria, alimwambia nenda kaniletee punje za haradali kutoka nyumba ambayo hakijawahi kutokea kifo. Akagonga mlango kwa mlango, haradali kila nyumba wanayo, lakini kila nyumba wana wa kwao waliyemzika. Jioni akaenda kumzika mwanae. Mi nilikuwa nimekaa karibu na dirisha nikakumbuka wale wamama wa mtaani kwetu waliokuja kupika kwenye msiba wa mama, kila mmoja nae ana kaburi lake, na walikuja kumenya vitunguu bila kulisema.

Nina sonona au natumia dawa za hospitali, itanisaidia?

Inaweza kusaidia lakini haichukui nafasi ya daktari, na usiache dawa hata siku moja kwa sababu umeanza kukaa kimya. Kuna watu ukimya unafungua vitu vizito, hofu, kumbukumbu mbaya, mapigo ya moyo. Kama umewahi kupoteza uhalisia, au una mawazo ya kujiua, mwambie daktari wako kwanza, na mwambie mwalimu kabla hujakaa, uanze na dakika chache na kutembea macho wazi. Likizidi simama, toka nje, shika mti, ongea na mtu. Hakuna tuzo ya kuvumilia.

Nimesikia kuna zile siku 10 za kutosema neno. Nianze nazo?

Hizo ni kozi za Vipassana kwa njia ya S. N. Goenka, mfanyabiashara mwenye asili ya India aliyezaliwa Burma 1924, kipandauso kilimtesa mpaka akaenda kujifunza kwa mwalimu wake U Ba Khin mwaka 1955, akaanza kufundisha India 1969 na akafariki 2013. Kituo chao kikubwa kipo Igatpuri, India, Afrika Kusini wana kituo, na Kenya kozi zimekuwa zikifanyika. Wenyewe wanasema sio ya dini yoyote.

Ratiba ni ngumu, nikwambie mapema. Kengele saa 10 alfajiri, saa 10 na nusu umeshakaa, chakula cha mchana saa 5, saa 11 jioni wapya wanapata matunda na chai na ndio basi mpaka asubuhi, hotuba ya video saa 1 usiku, taa zinazimwa saa 3 na nusu. Jumla ni kama masaa 10 ya kukaa kwa siku. Simu unakabidhi, vitabu, kalamu, hata rozari au tasbihi unaweka pembeni kwa siku hizo, wanaume na wanawake wanatengwa, na husemi na mwenzako mpaka siku ya 10 isipokuwa mwalimu na wahudumu. Siku 3 za mwanzo ni pumzi tu, ya nne ndio unaanza kuangalia mwili mzima. Hailipiwi, na mchango wanapokea kwa aliyemaliza tu.

Wanapokea wasiowahi kukaa kabisa na wengi wanamaliza vizuri. Mi kwa maoni yangu anza na nusu saa kituoni, miezi miwili mitatu, uujue mwili wako na akili yako, alafu ndio uombe likizo ya siku 10. Na waeleze nyumbani vizuri, mtu akikukosa kwenye simu siku 10 huku kwetu wataenda polisi.

Nikiwa kwenye siku zangu naruhusiwa kuingia? Na watoto?

Ndio, hakuna katazo. Watoto nao ndio, ila kaa karibu na mlango ili akianza kulia utoke bila kuruka watu.

Siku gani nzuri ya kuanza?

Yoyote kituo kikiwa wazi kwa wageni, piga simu au pita uulize. Ukitaka kuona sherehe nenda Vesak, mwezi mpevu wa Mei mara nyingi, wanaadhimisha kuzaliwa, kuamka na kufa kwa Buddha kwa siku moja, Umoja wa Mataifa uliitambua toka 1999. Kuna taa, maua, chakula, watu wengi. Inapendeza sana ila kwa kujifunza kukaa nenda siku tulivu ambayo mtawa ana muda na wewe.

Nyumbani nifanye dakika ngapi?

Kumi. Kila siku, muda uleule, mi ni baada ya kuamka kabla sijashika simu, kwenye kona ya chumba nimeweka mto na kanga ya mama. Kumi za kila siku zinazaa kuliko saa nzima ya Jumamosi moja kwa mwezi.

Nikifika getini nasemaje?

Sema "nimekuja kwa ajili ya meditesheni, ni mara yangu ya kwanza". Hiyo "mara ya kwanza" iseme, usione aibu, watakuonyesha pa kuweka viatu, watakupa mto, na atatafutwa mtu wa kukaa pembeni yako. Fika robo saa kabla. Kunywa maji, nenda chooni, zima simu. Kama mti upo na jua halijawa kali, simama chini yake kwanza.